Bahari yetu ina daftari: nani huliandika, na nani hulisoma?

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, alfajiri, wengi wetu tukiwa bado usingizini, ardhi ilipasuka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Mawimbi ya tsunami yaliyotokana na tetemeko hilo yalichukua zaidi ya saa 7 kuivuka Bahari Hindi hadi kufika kwetu. Watu takriban 230,000 walifariki katika nchi 14. Jirani zetu Somalia walipoteza watu karibu 300. Hapa Kenya alifariki mtu mmoja.

Kisiwani Lamu kulikuwa na chombo kidogo kilichofungwa kando ya maji. Kazi yake ni moja tu: kupima maji yamepanda kiasi gani na yameshuka kiasi gani, usiku na mchana, bila kuchoka. Siku ile chombo hicho kiliyaona mawimbi na kiliyaandika. Rekodi yake ipo hadi leo, na watafiti wa nchi mbalimbali wameitumia kueleza jinsi tsunami ile ilivyosambaa hadi Afrika.

Lakini hakuna mtu wa Lamu aliyeonywa na chombo hicho. Kilichowafanya maafisa wawaondoe watu kwenye fuo za Mombasa ni habari kutoka Asia, zilizokuwa zimeanza kutangazwa katika redio na runinga. Yaani tulikuwa na zaidi ya saa 7 mkononi, vipima-maji vilikuwapo katika visiwa na bandari kadhaa za Bahari Hindi, na bado hatukuwa na njia ya kuifikisha habari kutoka kwenye chombo hadi kwa mtu aliyesimama ufuoni.

Njia hiyo ndiyo mada yetu leo. Wataalamu huiita miundombinu ya data. Jina ni zito, lakini jambo lenyewe ni jepesi kulielewa. Barabara huleta mboga sokoni na bomba huleta maji nyumbani. Miundombinu ya data huleta habari za bahari, mvua na joto kutoka zinakopimwa hadi kwa anayezihitaji. Tena huzihifadhi, ili mjukuu wako naye azikute.

Mali bila daftari

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakizungumza juu ya biashara, lakini methali hii yaihusu bahari pia. Bahari ni mali. Samaki ni mali, mikoko ni mali, matumbawe ni mali, na ufuo wenyewe ni mali. Tusipoandika vilivyopo leo, kesho hatutajua ni nini kimepungua, wala hatutaweza kumdai mtu yeyote.

Si kwamba watu wa Pwani hawaijui bahari. Mvuvi wa Vanga au wa Kiunga anajua bamvua litaingia lini kwa kuutazama mwezi. Anajua maji mafu yanafaa kwa uvuvi gani, na kusi likianza kuvuma ni chombo gani cha kuachwa pwani. Elimu hii ni ya karne nyingi, na ndiyo iliyopeleka majahazi Maskati na Bombay na kuyarudisha salama. Lakini ilijengwa juu ya jambo moja: kwamba mwaka huu utafanana na mwaka jana. Sasa mambo yanabadilika. Muulize mvuvi yeyote mwenye umri wa miaka 60 kama kaskazi linaingia wakati ule ule aliouzoea ujanani. Atakwambia kuna kitu kimesogea. Swali ni: kimesogea kiasi gani, na kinaelekea wapi? Hapo jicho peke yake halitoshi.

Milimita ndani ya mita 4

Chukua mfano wa usawa wa bahari. Ripoti ya jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi iliyotolewa mwaka 2021 inasema kwamba baina ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20. Kati ya 2006 na 2018 kasi ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka.

Milimita 3.7 ni kama unene wa sarafu mbili zilizopandana. Ilhali Mombasa, wakati wa bamvua kubwa, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Sasa jiulize: bahari inayopanda na kushuka karibu mita 4 kwa siku, utaonaje kwamba imepanda milimita 3.7 kwa mwaka? Huwezi, hata ukikaa Kilindini ukiitazama kila siku ya umri wako.

Njia ni moja. Unaweka kipima-maji mahali pamoja, unakifunga kwenye alama isiyosogea, na unapima kila saa kwa miaka mingi bila kukatiza. Kisha unatoa hesabu ya kujaa na kupwa, unatoa hesabu ya upepo na ya misimu, na kinachobaki ndicho kupanda kwa bahari. Ndani ya miaka 30, milimita 3.7 za kila mwaka huwa sentimita 11. Hizo zaonekana. Zaonekana pia na mwenye nyumba aliyejenga karibu na maji, na mwenye kisima ambacho kimeanza kutoa maji ya chumvi.

Lakini hata hapo kuna mtego. Ardhi nayo husogea. Ikiwa gati limezama kidogo, kipimo kitasema bahari imepanda, kumbe ni nchi kavu iliyoshuka. Ndiyo maana vituo vizuri huwekewa vyombo vya setilaiti vinavyopima ardhi yenyewe. Nazo setilaiti zinazopima bahari kutoka angani, ambazo zilianza kazi hii kwa usahihi mkubwa mwaka 1992, huhitaji vipima-maji vya huku chini ili zihakikishwe kwamba hazijapotoka. Mmoja humrekebisha mwenzake.

Sasa linganisha. Katika bandari ya Brest, Ufaransa, vipimo vya maji vilivyomo katika hazina ya dunia vinaanzia mwaka 1807. Vya Mombasa vinaanza miaka ya 1980, vya Lamu miaka ya 1990, na vyote viwili vina mapengo. Kila pengo ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari. Hauwezi kuandikwa upya, kwa sababu maji ya siku ile yameshapita.

Jambo hili lina uzito wake. Mhandisi anayepanga ukuta wa kuzuia mawimbi, kama ule uliojengwa kuilinda Fort Jesus, lazima aulize: niujenge kimo gani? Jibu liko kwenye rekodi ya maji. Rekodi ikiwa fupi au ina mapengo, atakisia. Akikisia chini, ukuta utapitwa na maji. Akikisia juu, fedha za umma zitakuwa zimetupwa baharini.

Mvua yetu huanzia mbali

Huenda mtu akasema: basi kila nchi ipime bahari yake, imalize. Haiwezekani, na sababu tunaiona kila mwaka katika mvua za vuli.

Mwaka 1999 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Japani walichapisha maelezo ya jambo ambalo halikuwa na jina hadi wakati huo. Waligundua kwamba Bahari Hindi hufanya kama mizani. Miaka mingine maji ya upande wetu, karibu na Afrika, hupata joto kuliko kawaida, na wakati huo huo maji ya upande wa Sumatra hupoa. Mizani ikielemea huku, mvua hutuelemea sisi, na Indonesia na Australia hukauka. Ikielemea kule, sisi ndio tunaokauka. Wataalamu huiita Daipoli ya Bahari Hindi.

Mwaka 2019 mizani hiyo ilielemea upande wetu kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mvua za Oktoba hadi Desemba zilileta mafuriko makubwa Kenya na nchi jirani, na Australia ikaungua kwa moto wa misitu. Mwaka 2023 iliungana na El Niño, na watu wa Tana River, Kilifi, Kwale na Mombasa wanakumbuka barabara zilivyokatika na nyumba zilivyozama.

Maana yake ni kwamba anayetaka kujua vuli ya Garsen itakuwaje, sharti ajue joto la maji karibu na Sumatra. Kenya haina meli huko. Na anayetaka kujua ukame wa Australia, sharti ajue joto la maji ya huku kwetu. Kila mmoja ameshika nusu ya habari ya mwenzake.

Tena tazama ugunduzi wenyewe ulivyopatikana. Watafiti wale walitazama rekodi za miaka 40 za joto la bahari, zilizokusanywa na watu ambao hawakuwa wakitafuta jambo hilo: mabaharia wa meli za mizigo za mataifa mengi, waliopima joto la maji njiani na kuliandika daftarini. Aliyeandika joto la maji mwaka 1961 akipita zake hakujua kwamba miaka karibu 40 baadaye hesabu yake ingesaidia kueleza mafuriko ya Afrika Mashariki. Hiyo ndiyo faida ya kuweka akiba ya data: hujui ni nani ataihitaji, wala kwa swali gani.

Maboya yanayopiga mbizi

Leo kazi ile ya mabaharia imepata msaidizi. Tangu mwanzo wa karne hii, nchi takriban 30 zimekuwa zikishirikiana katika mradi uitwao Argo. Huu ni mtandao wa maboya karibu 4,000 yaliyosambazwa katika bahari zote za dunia. Kila boya huzama hadi mita 1,000 na kuchukuliwa na mkondo kwa siku kadhaa, kisha hushuka hadi mita 2,000. Halafu hupanda taratibu huku likipima joto na chumvi njia nzima. Likifika juu hupeleka habari zake kwa setilaiti, kisha huzama tena. Safari moja huchukua siku 10 hivi.

La kushangaza zaidi ni yale yanayofuata baada ya hapo. Aghalabu ndani ya saa 24, vipimo hivyo huwa vimekaguliwa kwa kompyuta, vimewekwa katika hazina mbili kubwa, moja Ufaransa na nyingine Marekani, na viko wazi kwa yeyote bila malipo. Mwanafunzi wa Pwani University mjini Kilifi huvipata sawa na profesa wa Tokyo. Halipi, wala haombi ruhusa.

Lakini tusidanganyike kwamba hazina hii haina gharama. Takriban nusu ya maboya hayo hutolewa na nchi moja, Marekani. Nchi moja ikibana mkoba, sote tunapungukiwa. Na mwaka 2020, korona ilipofunga bandari, meli za utafiti zilikwama na maboya mengine ya Bahari Hindi hayakufikiwa kwa matengenezo. Data zikapungua. Kazi ya pamoja ni imara pale tu ambapo mizigo nayo imegawanywa.

Saa tatu ni saa ngapi?

Watu hufikiri ugumu wa ushirikiano huu ni kununua mashine. Ugumu mkubwa zaidi ni kuelewana.

Tuseme karani wa maji ameandika: "Saa tatu, maji yamejaa." Sisi tunajua saa tatu ni asubuhi, jua limeshachomoza. Lakini anayesoma karatasi hiyo Liverpool atafahamu saa tatu kuwa tisa ya usiku. Amekosea kwa saa sita, na katika hesabu ya maji saa sita ni tofauti ya kujaa na kupwa! Ndiyo maana vituo vyote vya dunia vilikubaliana kuandika kwa saa moja ya ulimwengu, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Kenya kwa saa 3.

Au chukua samaki. Huku kwetu tunasema tafi. Unguja wanamwita tasi. Samaki ni yule yule. Mtu akijumlisha daftari la Kenya na la Zanzibar bila kujua, atahesabu aina mbili badala ya moja. Ndiyo sababu kuna orodha ya kimataifa ya viumbe vya bahari ambapo kila kiumbe kina jina moja la kisayansi. Juu ya orodha hiyo imejengwa hazina iitwayo OBIS, yenye kumbukumbu za wapi na lini kila kiumbe kilionekana. Tangu mwaka 2009 hazina hiyo iko chini ya Tume ya Kiserikali ya Bahari ya UNESCO.

Kwa hiyo kila kipimo kinapaswa kubeba maelezo yake: kimepimwa wapi, lini, kwa chombo gani, na nani. Kipimo bila maelezo ni kama barua bila jina la aliyeiandika. Utaisoma, lakini hutajua uiamini kiasi gani.

Mwaka 2016 wanasayansi walikubaliana juu ya kanuni nne: data ziwe rahisi kupatikana, ziwe na njia ya kufikiwa, ziweze kuunganishwa na nyingine, na ziweze kutumika tena. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Belmont Forum, umoja wa mashirika ya serikali mbalimbali yanayofadhili utafiti wa mazingira, ulioanzishwa mwaka 2009, ulipitisha sera kwamba data za utafiti unaoufadhili ziwe wazi. Hoja ni kwamba fedha ni za umma, basi na matunda yawe ya umma.

Faida ya kuelewana huku imeonekana kwenye matumbawe. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kali, matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe na kufa. Wakati huo hesabu za kila nchi zilikuwa mbalimbali. Kufikia mwaka 2021, mtandao wa kimataifa wa kuchunguza matumbawe ulikuwa umekusanya data za miaka 40 kutoka nchi 73 na maeneo zaidi ya 12,000. Ndipo dunia ikajua kwa hakika kwamba baina ya 2009 na 2018 ilipoteza asilimia 14 ya matumbawe yake. Wapiga mbizi wa kwetu, wanaohesabu tumbawe moja moja chini ya maji, wamo katika hesabu hiyo.

Kilichobadilika baada ya 2004

Turudi kwenye tsunami. Kosa la siku ile halikuwa la vyombo. Vipima-maji vingi vya Bahari Hindi viliwekwa kwa ajili ya utafiti wa polepole, na hapakuwa na kituo chochote cha kuzipokea habari zake papo hapo na kupiga mbiu.

Mwaka 2005 nchi za Bahari Hindi zilikubaliana kuunda mfumo wa pamoja. Vipima-maji viliboreshwa ili vipeleke habari kila baada ya dakika chache. Tangu mwaka 2011 vituo vitatu, vya India, Indonesia na Australia, vimekuwa vikitoa tahadhari kwa bahari nzima. Hapa kwetu tahadhari hupokelewa na Idara ya Hali ya Hewa, ambayo ndiyo yenye jukumu la kuwaarifu wananchi. Aprili 2012, tetemeko kubwa lilipotokea tena karibu na Sumatra, tahadhari zilizunguka bahari yote, hadi pwani yetu. Mawimbi yaligeuka kuwa madogo, alhamdulillahi, lakini safari hii habari ilitangulia maji.

Kinachopendeza ni kwamba kipima-maji kile kile kinachotoa tahadhari ya dakika ndicho kinachoandika kupanda kwa bahari kwa miaka mia. Chombo kimoja, kazi mbili. Na habari zake ziko wazi. Ukiwa na simu yenye intaneti waweza kufungua tovuti ya tume ile ya UNESCO, inayoendeshwa kutoka mji wa Ostend, Ubelgiji, na kutazama vituo vya dunia nzima jinsi maji yanavyopanda na kushuka. Wafundisheni vijana wenu. Ni somo la jiografia lisilohitaji kitabu.

Pale daftari linapovuja

Sasa tuseme ukweli. Ukitazama ramani ya vipimo vya Bahari Hindi, upande wa magharibi, yaani upande wetu, ndio uliokuwa na nafasi nyingi tupu kwa muda mrefu.

Sababu moja ilikuwa uharamia wa Somalia. Meli za utafiti ziliogopa kupita, na maboya yenye nanga yaliyopangwa kuwekwa huko hayakuwekwa. Ilifika hadi jeshi la wanamaji la Marekani na la Australia kuombwa kuyashusha maboya ya Argo mahali ambapo wanasayansi hawakuweza kwenda.

Sababu ya pili inatuhusu sisi zaidi. Maboya yenye nanga huvutia samaki, na samaki huvutia wavuvi. Katika Bahari Hindi maboya mengi yameharibiwa na vyombo vya uvuvi, mengine kwa kufungwa kamba, mengine kwa kung'olewa vifaa. Ndugu mvuvi, ukikuta boya la aina hiyo baharini, liache. Ukilikuta limetupwa ufuoni, usilifungue, kwani betri zake zaweza kuwa hatari. Soma maandishi yaliyo juu yake na uwape habari viongozi wa BMU au Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI. Boya hilo linatusaidia kuijua vuli ijayo, na anayeling'oa anajiumiza mwenyewe.

Sababu ya tatu ni ya wakubwa. Mradi ukija, kuna sherehe, chombo kinafunguliwa kwa utepe, picha zinapigwa. Mradi ukiisha, chombo kinakula chumvi, betri inakufa, na hakuna fungu la kununua nyingine. Mapengo ya kwenye rekodi aghalabu huanzia hapo. Chombo cha kupimia bahari ni kama dau: kulinunua ni kazi ya siku moja, kulitia kalafati ni kazi ya kila mwaka.

Chetu kirudi kwetu

Kuna malalamiko ambayo nimeyasikia mabarazani, na si ya kupuuzwa. Watu wanakuja, wanauliza, wanapima, wanapiga picha, wanaondoka. Mvuvi aliyewapeleka mwambani hasikii tena habari. Miaka miwili baadaye utafiti umechapishwa kwa Kiingereza, katika jarida la ng'ambo, na yeye hajui kama mwamba wake ulionekana mzima au mgonjwa.

Data kuwa wazi si sawa na data kurudi nyumbani. Mlango ukiwa wazi lakini uko Ulaya, na maandishi ya ndani huyasomi, umefunguliwa kwa nani? Na si kila kitu kinafaa kuwekwa wazi. Mvuvi akitaja mahali pweza wanapozaana, na mahali hapo pakachorwa kwenye ramani ya dunia nzima, kesho atakuta vyombo vya wageni vimetangulia.

Wenye kulalamika hivi hawako peke yao. Mwaka 2019 muungano wa kimataifa wa jamii za wenyeji asilia ulitoa kanuni zake kuhusu data: kwamba jamii inufaike, iwe na kauli juu ya data zinazoihusu, na kwamba anayezitumia awajibike na afuate maadili. Kanuni hizi hazikuja kuupinga uwazi, zilikuja kuukamilisha.

Nasi tuna pa kuanzia. Kituo cha taifa cha data za bahari kiko hapa hapa Mombasa, ndani ya KMFRI, na ni sehemu ya mtandao wa UNESCO wa kubadilishana data za bahari. Vikundi vya BMU navyo huandika samaki wanaovuliwa, kila bandari na daftari lake. Daftari hilo likiandikwa vizuri, tarehe, mahali, aina na uzito, lina thamani sawa na boya la Argo. Likiachwa liliwe na mchwa kwenye banda, miaka kumi ya ushahidi wetu imekwenda.

Basi tudai mambo matatu, bila kelele. Kwanza, kila mtafiti anayepewa kibali kufanya kazi katika maji yetu arudi na kueleza alichokiona, kwa Kiswahili, mbele ya waliompeleka. Pili, serikali kuu na serikali za kaunti ziweke fungu la kutunza vipima-maji kila mwaka, bila kungoja mfadhili. Tatu, vijana wetu wafunzwe kuzisoma na kuzichambua data hizi wenyewe, ili siku kunapojadiliwa ukuta ujengwe wapi, bandari ipanuliwe vipi, au fidia ilipwe nani, tuwe na karatasi yetu mezani.

Kile chombo cha Lamu kiliandika mwaka 2004, na hapakuwa na mtu wa kukisoma kwa wakati. Bahari imeendelea kuandika tangu siku hiyo, kila dakika, kujaa na kupwa. Wa kuisoma tuwe na sisi.